Kukimbia Lavaux: tazama mwinuko kwanza, kilomita baadaye

Wakimbiaji wengi wakiulizia njia mpya huanza na urefu wake: ni kilomita ngapi? Kwa Lavaux, nchini Uswisi, hilo ni swali la pili. Mashamba haya ya mizabibu yanafuata ufuo wa kaskazini wa Ziwa Geneva kwa karibu kilomita 30, kutoka viunga vya mashariki vya Lausanne hadi ngome ya Chillon, na karibu yote yamelala kwenye kilima kinachoinamia maji. Ziwa liko mita 372 juu ya usawa wa bahari. Vijiji vya juu, kama Grandvaux na Chexbres, viko takriban mita 200 juu ya ziwa, na umbali wa kuvifikia kutoka ufuoni, ukiupima kwenye ramani, ni mfupi mno. Kilomita 8 hapa zinaweza kuwa mazoezi mepesi au mateso, kutegemea umekikabili vipi kilima. Ndiyo maana nashauri njia ichaguliwe kwa mwinuko: panda mara moja tu, taratibu, mwanzoni, kisha ambaa na ubavu wa kilima, kazi ya kushuka iachie treni.

Jinsi mashamba yalivyojengwa inaunga mkono ushauri huu. Kazi ya kukata matuta na kuyazuia kwa kuta za mawe ilisukumwa sana na watawa katika karne ya 12, na kila kizazi baada yao kimelazimika kuzitengeneza kuta hizo, kwa sababu ukuta ukianguka udongo nao unakwenda. Matokeo yake ni aina mbili za njia. Kuna zinazofuata kuta kutoka shamba hadi shamba, karibu tambarare, zilizokusudiwa watu na mizigo yao. Na kuna ngazi za mawe zinazokwenda juu moja kwa moja, ambazo mkulima huzitumia kufikia tuta linalofuata, si kupanda kilima kizima bila kupumzika. Anayekimbia kwa kufuata kuta anatumia eneo hili kama lilivyotumiwa siku zote. Anayezipanda ngazi kwa mbio kutoka ufuoni hadi kijiji cha juu atayatazama mawe yaliyo mbele ya miguu yake tu, na mandhari yaliyoifanya UNESCO iiingize Lavaux kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2007 yatabaki nyuma ya mgongo wake.

Ushahidi wa mwili uko upande huohuo. Mwaka 2002 mtafiti Alberto Minetti na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu ambazo wakimbiaji hodari wa milimani huzitumia kwenye miinuko na miteremko tofauti. Kwa hesabu zao, mwinuko wa asilimia 10 hudai nguvu zaidi ya mara moja na nusu ya zile za tambarare kwa umbali uleule, na mwinuko wa asilimia 20 hudai karibu mara mbili na nusu. Kushuka kunapunguza gharama, lakini hakurudishi chote ulichotoa. Ukipanda na kushuka kwenye asilimia 10, jumla inazidi ya tambarare kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi. Kwenye asilimia 20 ziada hiyo inakaribia nusu nzima. Maana yake, kilima kilekile kinaweza kukugharimu kidogo au sana, na kinachoamua ni ukali wa njia uliyochagua. Kwa makadirio ya haraka, kanuni ya mpanda milima Mskoti William Naismith ya mwaka 1892 bado inafaa. Aliiweka kwa ajili ya watembeaji, na ukiigeuza, kila mita moja ya kupanda inahesabiwa kama mita nane za tambarare. Njia ya kilomita 11 yenye mita 250 za kupanda ipangie nguvu za kilomita 13. Kuhusu hewa usijisumbue: hapa si Iten, ambako wanariadha wa Kenya hufanya mazoezi kwenye mita zipatazo 2,400.

Wapo watakaosema kwamba kupanda na kushuka tena na tena ndiko kunakojenga miguu, na kwamba kupanda treni ni kukwepa kazi. Nusu ya kwanza naikubali. Katika mteremko misuli ya mapaja hufanya kazi ya kuzuia mwili huku ikirefushwa, na kazi hiyo huichana kwa namna ambayo tambarare haifanyi; maumivu hufikia kilele siku moja hadi tatu baadaye. Ni kweli pia kwamba zoezi moja la mteremko hukukinga kwa wiki kadhaa. Lakini kinga hiyo ni bora ijengwe kidogo kidogo, kwenye kilima ulichokizoea nyumbani, kwa dozi unayoipima mwenyewe. Mgeni aliyekuja kwa siku chache, akishuka mita 200 za saruji na ngazi siku ya kwanza, ameziuza siku mbili zinazofuata. Treni haimpunguzii mazoezi. Inamwezesha kukimbia tena kesho. Na treni zenyewe ni sehemu ya mpango wa eneo hili: reli moja inapita ufuoni ikigusa Lutry, Cully, Epesses, Rivaz na Saint-Saphorin, nyingine inapanda kupitia Grandvaux kuelekea Bern, na ya tatu, iitwayo Train des Vignes, inateremka kutoka Puidoux kupitia Chexbres hadi Vevey.

Njia ninayoipendekeza kwa mara ya kwanza, basi, ianzie stesheni ya Lutry. Panda kupitia Savuit na Aran kuelekea Grandvaux kwa barabara ndogo za mashambani, si kwa ngazi, na usione haya kutembea mahali mwinuko unapokaza. Kwenye mwinuko mkali tofauti ya mwendo kati ya kutembea kwa nguvu na kukimbia ni ndogo, lakini mapafu yanaijua. Ukishapata kimo, elekea mashariki kupitia Riex na Epesses hadi mashamba ya Dézaley, ambako matuta yamebanana kuliko kwingineko kote na mizabibu ya Chasselas inaonekana kuning'inia juu ya ziwa. Hapo usiharakishe. Mbele yako kuna bonde la mto Rhône na vilele vya Dents du Midi, na ng'ambo ya maji kuna milima ya Savoie ya Ufaransa. Mwenye nguvu zilizobaki apande sehemu ya mwisho hadi Chexbres, ashuke kwa treni mpaka Vevey. Aliyechoka ateremke taratibu hadi stesheni ya Rivaz. Yote ni kilomita 10 hadi 12.

Pingamizi lingine lina uzito zaidi: kwa nini kusumbuka na kilima wakati barabara ya ufuoni ipo, na mbio za marathoni za Lausanne za mwezi Oktoba zimepita huko kwa miaka mingi? Kwa anayetafuta muda mzuri, jibu ni kwamba aende ufuoni. Lakini siku ya mashindano barabara hufungwa. Siku nyingine utaigawana na magari, na kuta zilizo kando yake hukunyima kuyaona matuta. Aliyefuata Lavaux kwa ajili ya Lavaux lazima apande angalau mara moja.

Suala la saa nalo linahitaji kufikiriwa. Wenyeji husema mizabibu yao hupata jua tatu: la angani, linaloakisiwa na ziwa, na joto ambalo kuta huliweka mchana na kulitoa jioni. Hilo la tatu ndilo linalomdanganya mkimbiaji, maana saa kumi na mbili jioni ya Julai hewa kati ya kuta bado ni nzito. Kiangazi kimbia alfajiri, hata kama jua litakupiga usoni ukielekea mashariki. Kuanzia Oktoba hadi Aprili geuza saa: kimbia alasiri, jua likiwa mgongoni na mawe yakikupa joto. Viatu viwe vya barabarani, kwa sababu njia nyingi ni za saruji na lami. Meno marefu ya viatu vya porini hayana kazi hapa, na kwenye ngazi zenye unyevu hayatakuokoa. Maji utayapata kwenye chemchemi za vijijini, isipokuwa zilizoandikwa kwamba hayanyweki.

Mwaka 1977 wapiga kura wa jimbo la Vaud, wakiitikia kampeni ya mwanaharakati Franz Weber, waliamua Lavaux ilindwe isimezwe na majengo. Hata hivyo mashamba haya si bustani ya umma, ni kazi ya watu. Septemba na Oktoba ni mavuno: njia hujaa matrekta madogo na makreti, na wavunaji wameinama tangu asubuhi. Ukiwakuta simama, wasalimie, wapishe, na usichume hata tunda moja.