Noah Inayoshtuka Mlimani

Swali: Noah yangu ya 2010 hushtuka ikipanda kutoka Kisii kwenda Keroka. Gereji ya wakala inataka tubadilishe giaboksi nzima. Nifanyeje?
Mwenye Noah, Nyamira

Jibu: Usilipe bado. Fundi achomeke mashine ya kusoma kodi za hitilafu. Ukiona P0301 hadi P0304, kuna silinda isiyochoma vizuri, giaboksi inasingiziwa. Abadilishanishe koili ya silinda hiyo na ya jirani: kodi ikihamia huko, koili ndiyo imekufa. Ikibaki palepale, angalieni plagi.

Kodi hizo zisipokuwepo, kagueni oili ya giaboksi. Giaboksi yako ni CVT (isiyo na gia za hatua), nayo haitaki ATF ya kawaida (oili ya giaboksi za otomatiki za gia), ingawa wapo wanaoijaza tu. Oili ikinuka kuungua, huenda wakala ana haki. Na abiria unapakia wangapi? Mzigo ukizidi, gari huhangaika mlimani. Noah ni ya watu wasiozidi wanane, wewe ukiwemo.