Fidia ya ardhi ya jamii: soma karatasi kabla ya kutia sahihi

Afisa anapofika barazani na habari za fidia, swali la kwanza la wananchi huwa ni shilingi ngapi. Ni swali la haki, ila lingine linapaswa kulitangulia: karatasi tunayoletewa tutie dole gumba inasema fedha hizi ni za nini? Ikiwa imeandikwa kwamba umepokea malipo yote na huna dai lingine, usiitie sahihi siku hiyohiyo. Omba nakala, ipeleke kwa wakili au ofisi ya msaada wa kisheria, kisha jamii ikae ijadili.

Waendorois wa Ziwa Bogoria wanatufundisha jambo hapa. Kuanzia mwaka 1973 serikali ya Kenya iliwaondoa kando ya ziwa hilo ili paanzishwe hifadhi ya wanyama. Waliacha malisho, mahali mifugo yao ilipolamba chumvi, na sehemu za ibada. Ilipofika 1986, familia 170 kati ya 400 zilipewa shilingi 3,150 kila moja. Shauri lilipofika mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliamua mwaka 2009 kwamba waliopokea fedha hizo kidogo hawakuwa wamekubali kuwa wamelipwa kikamilifu, wala hawakuwa wamekubali kupoteza ardhi yao. Tume ilitaka warudishiwe ardhi, walipwe fidia ya kutosha, waruhusiwe kufika ziwani kwa ibada na malisho, tena wapate mgawo wa mapato yanayotokana na shughuli za pale. Kwa hiyo kama wazee wenu waliwahi kupokea chochote zamani, msiambiwe mlango umefungwa kwa sababu hiyo.

Kauli nyingine inayowavunja watu moyo ni kwamba hawana hati, kwa hiyo hawana haki. Si kweli. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 63, inazitaja ardhi za mababu na ardhi walizokalia kijadi wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Kifungu cha 40 kinadai fidia ya haki, kamili na ya haraka pale serikali inapotwaa ardhi kwa manufaa ya umma, na kinaruhusu hata anayeikalia kwa nia njema bila hati afidiwe. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inazipa haki za kimila nguvu sawa na umiliki wa hati.

Hata hivyo, kukosa usajili kunagharimu. Chini ya kifungu cha 6 cha sheria hiyo, fidia ya ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikwa na serikali ya kaunti kwa niaba yenu, katika akaunti maalumu yenye riba, hadi mtakaposajiliwa. Kaunti haina ruhusa ya kuiuza ardhi hiyo, lakini fedha mtazisikia tu redioni huku watoto wakikosa karo. Basi jisajilini. Jamii hukutana, huchagua kamati ya watu 7 hadi 15, nayo kamati huandaa orodha ya watu wa jamii na kanuni, kisha hupeleka maombi kwa msajili wa ardhi ya jamii. Akina mama, wajane na mabinti waandikwe kwa majina yao. Sheria inakataza ubaguzi wa jinsia na wa hali ya ndoa, na jina lililoachwa nje ya orodha leo ndilo litakalokosa mgawo kesho. Mkumbuke pia kwamba kamati peke yake haiwezi kuigawa ardhi kwa mtu wa nje. Uamuzi huo unataka theluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa.

Ardhi ikitwaliwa kwa lazima kwa ajili ya barabara, bwawa au bomba, Tume ya Taifa ya Ardhi hutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali. Baada ya siku 30 au zaidi hufanyika kikao cha kusikiliza wenye maslahi, na dai lenu la maandishi lifike kabla siku ya kikao haijapita. Ni wananchi wachache mno wanaolisoma Gazeti hilo, kwa hiyo mpeni kijana mmoja kazi ya kulifuatilia. Kanuni za 2017 ziliweka kwamba thamani ihesabiwe kwa bei ya soko, kisha iongezwe asilimia 15 ya bei hiyo kwa usumbufu.

Ila bei ya soko haijui thamani ya mti wenye mizinga wala ya kisima cha ukoo, na hapo ndipo ushahidi unapohitajika. Waogiek wa Msitu wa Mau waliopewa siku 30 kuhama Oktoba 2009 walishinda katika Mahakama ya Afrika ya Arusha tarehe 26 Mei 2017. Walidai zaidi ya dola milioni 297 za Marekani. Katika hukumu ya fidia ya 23 Juni 2022, mahakama ilikadiria kwa msingi wa usawa na kuamuru shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa machungu waliyopitia, pamoja na hati ya pamoja ndani ya miaka miwili. Miaka hiyo miwili ilipita bila hati. Naliona hilo kuwa dhuluma juu ya dhuluma. Hata hivyo, kwa wewe unayeandaa dai, kuna funzo: andika. Pigeni picha za makaburi, mizinga, mabwawa ya mifugo na nyumba zilizochomwa. Wazee wasimulie mipaka mbele ya wakili, wale viapo. Tunzeni barua zote za kuhamishwa, hata zilizochakaa.

Kwa dhuluma za zamani, yaani kati ya 15 Juni 1895 na 27 Agosti 2010, Tume ya Taifa ya Ardhi ilipewa mamlaka ya kupokea malalamiko, na marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016 yaliweka ukomo wa miaka mitano wa kuyapeleka. Kabla ya kumlipa mtu anayejidai atawafungulia dai huko, nendeni wenyewe ofisi ya Tume mkaulize kama madai yanapokelewa. Njia ya kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi nayo bado ipo. Arusha kwenyewe hakuendeki moja kwa moja kwa Mkenya wa kawaida: shauri la Waogiek lilipelekwa na Tume ya Afrika, ambayo hutaka kwanza umalize njia za nyumbani.

Kama ardhi yenu bado haijasajiliwa, itisheni mkutano wa jamii mwezi huu, na orodha ya majina ianze kuandikwa siku hiyo.