Somo la Dijitali: Tawi Kuu Libaki Safi

Vijana wanaounda programu kwa pamoja hukumbana na tatizo moja: faili ya mmoja hufuta kazi ya mwingine. Dawa yake ni mfumo wa kutunza matoleo, kama vile Git, uliobuniwa na Linus Torvalds mwaka wa 2005. Mfumo huo huweka kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na lini. Hata hivyo, unahitaji mpangilio. Zingatieni haya:

1. Tawi kuu liwe na kazi iliyojaribiwa pekee. Mteja akiitaka programu leo, aipate ikifanya kazi.

2. Kila kazi iwe na tawi lake, lenye jina la kazi hiyo. "Rekebisha-risiti" linaeleweka, "kazi-ya-juma" halielezi kitu.

3. Tawi lisikae muda mrefu, kwani tawi kuu huendelea kubadilika na migongano huongezeka. Mwenzenu akishaikagua kazi, iunganisheni na tawi kuu, kisha mfute lile tawi dogo. Historia ya kazi hubaki.

4. Folda zigawe sehemu za mradi: msimbo, majaribio na maelezo. Msiunde folda za "mpya", "mpya2" na "mwisho kabisa". Kutenganisha matoleo ni kazi ya mfumo.

Muhimu zaidi, msiweke humo nywila wala funguo za siri za huduma za malipo. Hata mkizifuta baadaye, hubaki katika historia, na pesa za mteja huwa hatarini. Zikiingia kwa bahati mbaya, zibadilisheni mara moja.