Saa ya Kubadili Kazi: Je, Imeandikwa Katika Nyota?

Somo la kujifunza katika vikundi. Someni kwanza: Mwanzo 25:21-26, Mhubiri 11:4-6, Luka 14:28-30, Yakobo 4:13-17.



Liko swali moja ambalo vijana wetu huliuliza mara kwa mara: "Je, niende sasa au ningoje?" Barua ya kazi mpya iko mkononi, nayo yataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Zamani kijana angewauliza wazazi na wazee. Siku hizi wengine hupeleka swali hilo kwa wanajimu, au kwa programu za simu zinazochora ramani ya nyota kwa dakika moja. Jibu wanalopewa ni hili: ngoja mpaka jua lako lirudi, au, ngoja mpaka Zohali ipite.

Katika somo hili tutaona maneno hayo yana maana gani, hesabu yake hufanywaje, na kama yafaa kumwekea mtu saa ya kuacha kazi au kushika nyingine. Nawaomba tusianze kwa kucheka wala kwa kukemea. Mwanafunzi hupewa nafasi ya kuonyesha hesabu yake ubaoni kabla ya kusahihishwa.

1. Kurudi ni nini?

Mtu azaliwapo, jua laonekana mahali fulani katika njia yake ya mwaka. Baada ya siku 365, saa 5, dakika 48 na sekunde kama 45, hufika tena pale pale. Mnajimu huchora picha ya mbingu kwa nukta hiyo, nayo ndiyo huitwa ramani ya mwaka wako. Picha hugawanywa katika nyumba 12. Nyumba ya 2 ni ya mali. Ya 6 ni ya kazi za kila siku. Ya 10, iliyo juu, ni ya cheo na sifa mbele ya watu. Mushtari, sayari ya heri, ikiwa katika nyumba ya 10, mtu huambiwa aombe cheo mwaka huo. Zohali, sayari ya nuksi, ikikaa hapo, huambiwa avumilie.

Sayari nazo zina kurudi kwake. Mushtari hurudi baada ya miaka 12 kasoro kidogo, na Zohali baada ya miaka 29 na nusu hivi. Ndiyo maana wanajimu husema kwamba mtu wa miaka 29 au 30, na tena wa miaka 58 au 59, yuko katika wakati wa kupimwa kazi yake.

Jambo hili si geni wala si la juzi. Abu Mashar, mzaliwa wa Balkh aliyefanya kazi Baghdad na kufariki mwaka 886, aliandika kitabu kikubwa juu ya kurudi kwa miaka ya kuzaliwa. Huko Ufaransa Jean-Baptiste Morin naye alilieleza kwa urefu katika Astrologia Gallica, kilichochapishwa mwaka 1661, yeye akiwa amekwisha kufa. Sisi wa pwani tulipokea kutoka kwa Waarabu neno falaki, na majina Zohali, Mushtari, Mirihi na Zuhura.

2. Tuikague hesabu

Kwamba jua na sayari hurudi ni kweli kabisa. Hakuna wa kubishana na hilo. Ugumu huanza tunapotaka saa.

Kwanza, mbingu nzima huonekana kuzunguka nyuzi 1 kwa kila dakika 4. Kwa hiyo mtu asiyeijua saa yake ya kuzaliwa hawezi kujua nyumba zake. Wengi wa umri wangu tuliandikiwa mwaka tu, na pengine msimu: wakati wa mavuno, au mwaka wa nzige. Hata aliyeambiwa "ulizaliwa jogoo la kwanza" hana dakika.

Pili, wanajimu wenyewe hawakubaliani mwaka ni nini. Wengi wa Ulaya huhesabu mwaka wa majira, ule niliokwisha kuutaja. Wale wa India hupima kurudi kwa jua kwa kulinganisha na nyota zisizohama, na mwaka huo ni mrefu zaidi kwa dakika 20 hivi. Dakika 20 ni kitu kidogo. Lakini zidisheni kwa miaka 36: mnapata dakika 720, yaani saa 12. Katika saa 12 mbingu zimegeuka nusu duara. Basi mtu wa miaka 36 akienda kwa wanajimu wawili, sayari ambayo wa kwanza ameiona juu katika nyumba ya cheo, wa pili ataiona chini, miguuni. Mmoja atamwambia aombe kazi, mwingine atamwambia akae. Wote wawili wamehesabu bila kukosea.

Tatu, Zohali hairudi mara moja daima. Tukiitazama kutoka duniani, huonekana kwenda mbele, kisha kurudi nyuma, kisha kwenda mbele tena. Kwa mwaka wa majira, aliyezaliwa katikati ya Aprili 1996 aliipata Zohali mahali pake mara tatu: Juni 2025, Agosti 2025, na tena Februari 2026. Je, barua ijibiwe katika mwezi upi? Mwajiri gani atangoja miezi minane?

3. Waliozaliwa pamoja

Mtakatifu Agustino wa Hipo, Mwafrika mwenzetu aliyefariki mwaka 430, aliwahi kuwasikiliza sana wanajimu alipokuwa kijana. Katika kitabu cha 7 cha Maungamo yake anaeleza jambo alilosimuliwa na rafiki yake Firminus. Baba yake Firminus na rafiki yake mmoja walipenda mno hesabu za nyota. Ikawa mkewe yule na mjakazi wa huyu walijifungua wakati mmoja. Wajumbe waliotumwa kupeleka habari walikutana katikati ya njia. Ramani zikawa moja. Firminus alikua katika mali na heshima, na yule mwana wa mjakazi akabaki mtumwa.

Angalieni vema, jambo hili lahusu kazi hasa. Kilichowatenga wawili hao ni sheria za watu na nyumba walimozaliwa, na mambo hayo hayakuonekana katika ramani. Hata leo, anayenyimwa cheo kwa sababu ya upendeleo hapaswi kuambiwa kwamba Zohali ndiyo iliyomzuia. Tukisema hivyo, mwenye kosa huachiliwa aende zake.

4. Ushahidi wa vitendo

Johannes Kepler, mtaalamu mkuu wa mbingu, alimchorea ofisa mmoja kijana, Wallenstein, ramani ya kuzaliwa mwaka 1608. Ilitaja ndoa nzuri katika mwaka wake wa 33. Wallenstein akaoa mwaka 1609, akiwa na miaka 25. Alipoomba ramani ifanywe upya mwaka 1624, Kepler aliisogeza saa ya kuzaliwa kidogo ili ipatane na mambo yaliyokwisha kutokea. Ikiwa matukio ndiyo yanayoisahihisha saa, saa haiwezi kuwa imeyatabiri.

Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson. Wanajimu walipewa ramani ya kuzaliwa ya mtu na maelezo ya tabia za watu watatu, wachague ya mwenye ramani. Walipata mara moja katika tatu hivi, sawa na kubahatisha. Kweli, jaribio hilo lilihusu ramani za kuzaliwa, si za kurudi. Lakini ramani ya kurudi husomwa pamoja na ile ya kuzaliwa. Msingi ukitikisika, ukuta nao hauna usalama.

5. Mbona basi huonekana kuwa kweli?

Namkumbuka mwalimu mmoja kijana aliyeitwa kuongoza shule ya mbali. Mnajimu alimshauri angoje siku yake ya kuzaliwa, miezi mitatu mbele. Nafasi ikapewa mwingine. Alipoulizwa alisema nyota zilimwepusha na mahali pabaya. Angekwenda na kufaulu, angezishukuru nyota. Alipokosa, alizishukuru vilevile. Shauri ambalo haliwezi kuonekana limekosea, haliwezi pia kutuongoza.

Tena, karibu na miaka 30 watu wengi huwa wamefanya kazi miaka kadhaa, watoto wameanza shule, na wazazi wanaanza kuzeeka. Hapo mtu hujiuliza anaelekea wapi. Hilo latokana na maisha yenyewe. Ukitaka siku ya kuzaliwa iwe siku ya kukaa na kuihesabu kazi yako, ni vema. Iwe siku ya kujipima. Isiwe ya kuomba ruhusa kwa sayari.

6. Saa njema hujulikanaje?

Swali la kijana ni zuri, nalo lastahili jibu. Kabla ya kujibu barua, chukua karatasi uandike:

(a) Mkataba unasemaje? Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28, isipokuwa katika mwezi wa kwanza wa kazi.

(b) Mshahara wa mwisho na ule wa kwanza vitapishana kwa siku ngapi, nasi tutakula nini katika siku hizo?

(c) Mafao yangu yatakuwaje?

(d) Mwenzi wangu amesemaje? Watoto wako katikati ya mhula?

(e) Nani atashika kazi ninayoiacha? Mwalimu anayeondoka mtihani ukikaribia huwaachia watoto mzigo wake.

(f) Nani ameifanya kazi ile mpya, nami nimemwuliza?

Majibu haya hayapatikani kwa dakika moja, lakini kila moja laweza kuhakikishwa. Ukiisha kuyapata, omba, ushauriane, kisha ujibu barua ndani ya muda uliopewa. Hutajua yote yatakayokuja; hakuna ramani itakayokuondolea hilo. Wanaokutegemea hawadai kwamba ujue ya kesho. Wanadai usiwafiche ya leo.

Maswali ya kujadiliana

1. Yakobo na Esau walizaliwa pamoja. Je, maisha yao yalifanana?
2. Katika Luka 14:28-30, yule mjenzi alipaswa kuhesabu nini? Hesabu hiyo yatofautianaje na ya mnajimu?
3. Ni lini kungoja ni hekima, na ni lini ni hofu iliyovikwa jina la hekima?
4. Kijana wa mtaa wenu akija na barua mkononi, nani katika kikundi chenu yuko tayari kukaa naye jioni moja?