Kura ya Kompyuta: Ulizia Mbegu

KONA YA TEKNOLOJIA

Tuseme soko lina vibanda 40 na walioomba ni wachuuzi 200. Kamati inaamua kompyuta ipige kura. Mkazi ana haki ya kuuliza: kompyuta huchaguaje? Somo hili linajibu kwa kutumia lugha ya programu ya C.

Kompyuta haina bahati

Katika C, amri ya rand() hutoa nambari za nasibu, yaani zinazoonekana hazina mpangilio. Kwa kweli ni hesabu tu: kila nambari hutokana na hesabu iliyotangulia. Mahali pa kuanzia huitwa mbegu, na mbegu ikiwa ileile, mavuno ni yaleyale. Programu isipopewa mbegu, C huchukua 1. Ukiiendesha leo na kesho kwenye mashine hiyohiyo, washindi ni walewale.

Kupanda mbegu

Mbegu hupandwa kwa srand(). Wanafunzi wengi hutumia saa ya kompyuta:

srand(time(NULL));
int n = rand() % 200 + 1;

Mstari wa pili hutoa nambari kuanzia 1 hadi 200. Mstari wa kwanza uandikwe mara moja tu, mwanzoni. Ukiuweka katika sehemu inayojirudia, mbegu haitabadilika mpaka sekunde ipite, na mchuuzi mmoja atatajwa tena na tena.

Hatari iko wapi?

Saa inatosha kwa mchezo au mazoezi. Haitoshi panapogawanywa riziki za watu. Siku nzima ina sekunde 86,400 pekee, na kompyuta ya kawaida inaweza kuzijaribu zote kwa muda mfupi. Anayebonyeza kitufe anaweza kujua mapema ni sekunde gani itampa nduguye kibanda, akaingojea.

Kwa siri kama nywila, watumiaji wa Linux wana getrandom(), ambayo haitegemei mbegu ya saa. Lakini kura ya umma haihitaji siri, inahitaji ushahidi. Jimbo la Colorado, Marekani, linapokagua kura baada ya uchaguzi, maafisa hurusha kete za pande 10 hadharani ili kupata mbegu ya tarakimu 20. Mbegu hiyo huamua karatasi zipi zikaguliwe. Mtu yeyote aliye na mbegu, orodha na programu ileile anaweza kurudia hesabu na kupata jibu lilelile.

Maswali matatu ya mkazi

1. Je, orodha ya waombaji na programu vilitangazwa kabla ya mbegu kupatikana?
2. Mbegu ilitoka wapi, na nani walishuhudia?
3. Je, naweza kurudia kura hiyo mwenyewe?

Jibu la lolote kati ya hayo likikosekana, omba maelezo kabla ya vibanda kugawanywa.