AI na Uvimbe wa Ubongo: Mtoto wa Pujini Yumo Kwenye Picha Zipi?

Ukisikia AI inasaidia watoto wenye uvimbe wa ubongo, usidhani mashine inaangalia picha moja na kusema "upo" au "haupo". Kazi yenyewe ni kuchora mipaka. MRI huonesha kichwa vipande vipande, kama mkate wa boflo uliokatwa. Kila kipande kinapakwa rangi: hapa uvimbe, hapa kifuko cha maji, hapa ubongo salama. Mpaka huo humwongoza daktari wa upasuaji na wa tiba ya mionzi, na ukichorwa tena baada ya miezi unaonesha kama dawa inafanya kazi. Kwa mkono ni kazi ya kuchosha kweli kweli.

Programu hujifunza kwa picha ambazo mabingwa wameshazipaka rangi. Inakisia, inasahihishwa, inarudia. Alama yake huitwa Dice. Tuseme daktari amepaka nukta 100, programu imepaka 80, na wamekubaliana kwenye 72. Zidisha 72 kwa mbili, gawa kwa 180: unapata 0.8. Chuoni hapo mtu anafanya sherehe! Lakini nukta 28 za uvimbe zimeachwa, na 8 za ubongo salama zimepakwa. Hizo 8 zikiwa kwenye shina la ubongo, panapoongozwa pumzi, alama nzuri haimsaidii mtoto.

Sasa, mwanafunzi huyu kafundishwa na picha za nani? Mashindano ya kimataifa ya BraTS yalianza 2012, na kwa miaka mingi picha zake zilikuwa za watu wazima. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Uvimbe wake mara nyingi hukaa nyuma ya kichwa au kwenye shina la ubongo, na ubongo wa mtoto mchanga, hata ukiwa salama, huonekana tofauti kwenye MRI kwa sababu bado unakua.

Mwaka 2023 BraTS ilifungua kundi la watoto na kundi la Afrika. Hatua nzuri, ila angalia vizuri: picha za watoto zilitoka zaidi hospitali za Marekani, na za Afrika zilikuwa za watu wazima. Mtoto wa Pujini kaanguka katikati. Sisi wa ualimu tunaujua mtihani wa namna hii, mada hazikufundishwa lakini maswali yapo.

Na programu haianzi kazi mpaka picha ipigwe. Kutoka Pujini ni Chake Chake, kisha Mkoani, kisha boti hadi Unguja, Mnazi Mmoja, kwenye kitengo cha upasuaji wa ubongo kilichojengwa kwa ushirikiano na wakfu wa NED wa Uhispania. Safari hiyo huanza pale mtu anapogundua kuwa mtoto anaumwa kichwa na kutapika kila asubuhi, anayumba akitembea, au jicho limeanza kwenda upande. Mara nyingine mtu huyo ni mwalimu wake wa darasa la pili.