Mazoezi ya Pamoja kwa Wazee Huanzia Kitini

Mzee anapoanza kujisukuma kwa mikono ili ainuke kitini, jamaa husema, "Ni umri tu." Mara nyingi si umri pekee, ni misuli ya mapaja iliyokosa kazi, nayo huweza kuimarika hata baada ya miaka 80.

Kipimo chake ni chepesi, chahitaji kiti na saa tu. Mzee ainuke, atembee mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi, aketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yumo katika hatari ya kuanguka.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulihusisha watu 1,635 wenye umri wa miaka 70 hadi 89. Walioshiriki mazoezi, ambayo sehemu yake yalifanyika kituoni, asilimia 30.1 walipoteza uwezo wa kutembea mita 400. Waliopewa elimu ya afya, asilimia 35.5. Tofauti si kubwa, lakini ndani yake wamo wazee wanaofika sokoni bila kushikwa mkono.

Kutembea pekee hakutoshi. Kikundi kifanye pia zoezi la kuinuka na kuketi, kusimama kwa vidole, na kusimama kwa mguu mmoja kando ya ukuta, angalau siku 3 kwa wiki. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au aliyeanguka karibuni aonwe kwanza na daktari.

Na asipofika mmoja, wenzake wamwulizie siku hiyohiyo. Dawa hiyo mimi siwezi kuiandika kwenye cheti.